Turubai la Msiba Juu ya Baraza la Mama

Msicheke, maana mkicheka naacha. Mpaka leo nikipita njia ya sokoni pale Ujiji nainamisha kichwa kama mwizi wa kuku, na wala sijaiba kitu cha mtu, nilichofanya ni kuzuia mvua tu, basi.

Mama yangu alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, na kitu pekee alichobaki akikipenda duniani (ukiacha uji, na mimi kidogo) ni lile baraza la vioo tulilomjengea mbele ya nyumba, kitanda chake tukakiweka humo ili aone watu wanaokwenda sokoni na waamkiane naye, "Mwakeye!", naye anainua ule mkono mzima. Chumbani hakutaka kulala kabisa. "Kule kuna giza la kaburi," alikuwa akisema. "Mtanizika nikifa, siyo sasa."

Sasa nyumba yenyewe ni ya zamani, ya matofali mabichi, na fundi alipounganisha bati la baraza na ukuta aliacha upenyo, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanaingia ukutani, yanashuka ndani kwa ndani nyuma ya lipu, yanakuja kutokea barazani palepale kichwani kwa mama. Asubuhi hiyo nikakuta mto umelowa chapachapa, lipu inamegeka, mama anatetemeka, na fundi kwenye simu ananiambia eti bati halipandwi kwenye mvua. Nikapandwa na hasira mimi. Potelea mbali! Nikaenda stoo nikatoa turubai.

Turubai gani? La msiba! Mimi ndiye niliyekuwa natunza vyombo vya kikundi chetu cha kuzikana, na turubai lile la bluu lenye kiraka cheusi hakuna asiyelijua mtaani, halitoki stoo ila mtu amekufa. Nikalitandaza kuanzia juu ya ukuta, nikalivusha juu ya bati la baraza, nikalifunga kwenye mchikichi wa mbele (peke yangu, juu ya ngazi, khanga inanivuka). Halafu, kwa akili zangu hizi, nikatoa viti vyote vya barazani ili nipige deki, nikavipanga nje chini ya turubai. Mama akakauka, akasinzia. Nikamfungia mapazia apumzike, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakimbilia ufukweni Kibirizi kuanua dagaa wangu waliokuwa wananyeshewa.

Narudi, kabla sijakata kona nasikia vilio. Kwetu! Viti vimejaa, wanaume wameinama, kina mama mikono kichwani, na Bi Mwajuma, jirani yetu ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, ananijia amenyoosha mikono: "Pole mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa."

Jamani, mngefanyaje? Nilijua mama kafa mimi nikiwa kwenye dagaa. Sikuuliza hata swali. Nikajitupa kwenye tope nikapiga yowe, "Mama yangu! Nimekuacha peke yako!", na hata yule aliyekuwa na shaka kidogo shaka ikamtoka, kilio kikaanza upya, vijana wakashika majembe, mtu akampigia simu kaka yangu Rashidi kule Ilagala, na msikitini wakatangaza.

Ndipo kioo kikagongwa kutoka ndani. Pazia likasogea, mama akachungulia, akatazama viti, akatazama majembe, akanitazama mimi kwenye tope.

"Nani kafa?"

Bi Mwajuma akanikazia macho. "Sasa wewe mtoto, turubai la nini?"

"Baraza linavuja," nikasema.

Wapo waliocheka, wapo waliosonya, wengine waliondoka bila kuaga. Nilitamani ardhi inimeze.

Kaka, ambaye huko ziwani simu haikumpata tena, akafika jioni kwa boti, macho mekundu, ameshika mfuko wenye sanda, na kabla sijamzuia alikuwa ameshafika kitandani nayo. Mama akaomba aione. Akaipapasa kwa mkono wake mzima, akasema, "Nzuri. Iwekeni."

Fundi alikuja, akaziba ule upenyo, baraza likakauka kabisa. Lakini wapita njia hawakumwamkia tena mama kama zamani, walikuwa wanapunguza mwendo na kumchungulia, mpaka akaomba ahamishiwe chumbani. Tulimbembeleza, akakataa. "Wananitazama kama maiti," alisema, na ilikuwa kweli, na aliyesababisha ni mimi.

Alifia humo chumbani kabla masika hayajaisha. Sanda ilikuwepo tayari. Nikatoa turubai, nikalifunga kwenye mchikichi uleule, nikapanga viti, nikakaa kwenye kimoja kusubiri watu. Mvua inanyesha. Watu wanapita, wanatazama, wanatabasamu, wanaendelea na safari zao. Hata Bi Mwajuma akatokea na kapu lake la sokoni, akacheka.

"Haya mwanangu, leo linavuja wapi tena?"

Nikamwonyesha mlango kwa kidole, naye kapu likamponyoka.

Baada ya mazishi nilivirudisha vyombo vyote vya kikundi, wamtafute mwingine wa kuvitunza. Siku hizi mvua ikinyesha nakinga beseni, na hata nyumba nzima ivuje, turubai sigusi.