Jana Hatukula

Mimi si mtu wa kucheka ovyo, wanangu wanajua. Lakini nikikumbuka ule utafiti wa chakula, miaka ya sabini ikianza, mbavu zinaniuma mpaka leo.

Tulikaa Kaloleni, kule ziwani, na unga wa mahindi ulikuwa umeadimika. Kliniki iligawa maziwa ya unga kwa watoto, na kitinda mimba wangu, mwembamba kama ufito, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunona. Ndipo serikali ikatoa pesa watu wapite nyumba kwa nyumba waandike tunavyokula, ijue kama msaada uendelee au ukatwe. Kwetu alikuja msichana wa chuo, mwenye adabu, na swali moja: jana mlikula nini?

Nikamjibu kweli tupu. Hatukula. Jirani yangu naye hakula. Mstari mzima wa nyumba haukula, siku nne mfululizo. Msichana aliandika kitabuni mwake huku machozi yakimlenga.

Mkubwa wake akaja kutoka Nairobi, mtu wa Kakamega, tumbo mbele. Akasoma kile kitabu, akatutazama tulivyobeba madebe ya maji kichwani tukitaniana, akasema sisi ni waongo na msichana ni mvivu, anajiandikia tu. Pesa za utafiti zingepelekwa mji mwingine, na maziwa yangesimama hapo hapo.

Kuitwa mwongo ningemeza. Maziwa ya mtoto, hapana. Nikamshika mkono wa koti, nikamwingiza jikoni, nikamkalisha. Nikampa viazi vitamu, sufuria nzima. Omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kwa nyanya. Njugu za kukaanga. Chai ya rangi vikombe vitatu. Alimaliza vyote, jasho likimtiririka, wanawake wamejaa mlangoni wakidhani nimerukwa na akili. Nikaondoa sahani.

“Bwana, umekula?”

“Bado, Mama,” akasema, akinawa mikono upya. “Nangoja ugali.”

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Jirani yangu aliketi chini pale mlangoni, akalia. Msichana akaelewa kabla ya bosi wake: kwetu viazi ni vya kushikilia roho tu, usipogusa ugali hujala. Mkubwa alibaki mikono ikidondosha maji, akatazama sufuria tupu, kisha tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko.

“Kumbe hata mimi sijala,” akasema.

Msichana akarudia nyumba zote, akiuliza kila kilichopita mdomoni. Hapo tulimchosha. Jirani yangu, mjamzito, alitaja hata ule udongo wa kutafuna anaonunua sokoni. Mimi nikataja dawa ya minyoo. Kitabu kipya kilisema ukweli: viazi tunavyo, maziwa ya watoto hatuna ila yale ya kliniki.

Msaada haukukatwa. Maziwa yalipoletwa tena kliniki nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nikicheka peke yangu kama mwehu, na mtoto mgongoni naye akicheka, hajui kwa nini.