Nilivyomuuguza mdogo wangu wa kike nikiwa nje ya mlango wa wodi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kigali, huku Gatsata kwenye magereji.

Humu mimi ni msomaji tu, leo nimeamua kuandika. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa, na sina sababu ya kuyatia chumvi kwa sababu yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Kwanza mnijue kidogo. Wazazi wetu walikulia Tanzania, na mimi shule nimesoma Ngara, ndiyo maana Kiswahili kinanitoka. Walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikaja Kigali kujifunza kunyoosha bodi za magari.

Nilikuja na mdogo wangu Divine, alikuwa bado hajaanza hata chekechea. Tumebaki wawili. Nimemnyoa nywele za shule, nimemnunulia pedi dukani huku wauzaji wakitazamana. Sasa ni binti mkubwa, ananizidi elimu na mdomo.

Mwaka huu akashikwa na tumbo. Tukadhani ni chakula. Kufika hospitali, daktari akasema ni kidole tumbo, na kimeshapasuka. Apasuliwe mara moja.

Akapasuliwa, akatoka salama. Nikashukuru Mungu, nikachukua mkeka na thermos ya uji, nikaenda wodini kukaa naye.

Hapo ndipo nilipokutana na sheria.

Kwa wasiojua: huku kwetu kila mgonjwa anakuwa na mtu wake wa kumuuguza, tunamwita umurwaza. Anamwogesha, anamlisha, anamfulia, analala chini pembeni ya kitanda. Mgeni wa kawaida anaingia saa za kuona wagonjwa tu, lakini umurwaza anabaki.

Askari wa mlangoni akaniuliza, "Wewe mugeni au umurwaza?"

"Umurwaza."

"Wodi gani?"

"Ya wanawake."

Akanitazama kuanzia ndevu mpaka viatu. "Bwana, huko mwanaume hapana kurara. Tuma mama yake."

"Hana mama."

"Shangazi?"

"Hana."

"Dada?"

"Afande, mimi ndiye hao wote."

Akacheka, lakini mlango hakufungua. Akaniambia sheria siyo yake, yeye ni mlango tu.

Wakuu, niliumia. Nilimlea yule mtoto peke yangu, leo naambiwa niwe mgeni wa kumwona saa za kuona wagonjwa, wawili wawili, bila kukaa kitandani!

Bahati nzuri, saa za kuona wagonjwa nilimkuta kitanda cha pili mama mmoja Mwislamu wa Nyamirambo, tumwite Mama Zaina, anamuuguza mkwe wake. Akasema, "Wewe lete uji, mimi nitamunywesha. Nguo zake nitakuletea nje ufue." Basi nikawa nafua uani na akina mama wengine, naanika kwenye majani. Mama Zaina akipita ananichokoza, "Kijana unafua kuliko wakwe zangu wote. Nani atakuoa wewe?"

Tatizo likaja siku iliyofuata. Aliyepasuliwa tumbo anatakiwa ainuke atembee, la sivyo tumbo linavimba, mapafu yanajaa, mambo yanaharibika. Divine akagoma. Manesi wakambembeleza, akagoma. Mama Zaina akamshika mkono, Divine akapiga kelele kwamba mshono unafunguka. Akawa hataki kula, tumbo limejaa gesi, homa imeanza kupanda.

Daktari alipopita akasema waziwazi: asipoinuka leo, tunaweza kumrudisha chumba cha upasuaji.

Haya yaliyofuata wodini nimeambiwa na Mama Zaina. Nesi wa zamu, mama mmoja mkali, alimwuliza Divine, "Kwa hiyo unamtaka nani akushike?"

"Mama."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko hapo nje. Ana ndevu."

Wodi nzima ikacheka, wengine wameshika mishono yao.

Mimi nipo uani na wanaume wengine, kila mmoja na thermos yake. Nesi akatokea mlangoni akapaza sauti, "Mama wa Divine ni nani?"

Wanaume wakaangalia huku na huku kumtafuta huyo mama.

Nikanyoosha mkono.

Sitasahau walivyonitazama. Nesi mwenyewe alibana midomo asicheke. "Haya, mama, njoo."

Nikajua sheria imeanguka. Haikuanguka. Alinifikisha mwanzo wa korido, akaonyesha sakafu. "Hapa ndiyo mwisho wako. Usivuke, usimfuate, usimwonee huruma."

Nilikuwa nimeshaanza kukasirika alipopita mama mmoja anashikiliwa na binti yake, gauni la hospitali limeachia mgongoni. Nikageukia ukuta. Nikajiuliza: kama ni Divine anaogeshwa, na mwanaume wa mtu amekaa kitanda cha pili anakunywa chai, ningekubali? Ningeleta vita.

Kugeuka, Divine amefika mlangoni mwa wodi, ameinama kama bibi, Mama Zaina yuko nyuma yake.

"Kaka, njoo unishike."

Nesi akajibu kabla yangu. "Haji. Yeye amekatazwa kuvuka. Wewe hujakatazwa kutembea."

"Kaka!"

"Nipo hapa," nikasema. Ndicho pekee nilichoruhusiwa, kuwepo.

Akaanza. Mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni. Anasimama, analia, ananitukana. "Na hiyo ovaroli yenye grisi, ulishindwa kubadilisha?" Nikajua huyu amepona. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda, nikaikatalia.

Alipofika akaegemea kifuani kwangu, grisi na yote. Nikamwambia hongera. Akaniambia nisijisifu, ametembea mwenyewe.

Jioni alitoa gesi, Mama Zaina akaja kunitangazia uani kama anatangaza harusi. Homa ikashuka. Mpaka anaruhusiwa, kila siku alitembea mpaka pale kunifuata, na mimi sikuvuka.

Nilichojifunza: usigombane na mlango. Sheria ya kuzuia wanaume inawalinda dada zetu. Ila wahudumu wajulishe mapema hali ya nyumbani kwenu, usione aibu kusema hakuna mama, hakuna shangazi, nipo mimi tu. Watatafuta njia ambayo wewe huijui.

Na ukiwa wodini muuguze na wa jirani. Kuna mtu wake yuko nje, amezuiwa, anakutegemea wewe.

Haya, ndugu zangu mliolea wadogo zenu, huko kwenu mlifanyaje siku mtoto wa kike alipolazwa? Nawasoma wote, hata wa kunicheka.