Minazi ya Baridi

Harufu ya mchanga uliolowa ndani ya kopo lenye kutu hunikera hadi leo. Wengine harufu ya udongo wenye maji huwakumbusha masika na mahindi ya kuchoma. Mie hunikumbusha makopo kumi na mawili ya maziwa, yamepangwa uani kwetu Kinondoni kwenye kivuli cha banda la kuku, na ndani yake hamna kitu. Hamna, wenzangu. Miezi minne nilimwagilia hamna.

Enzi hizo za Mwingereza Kinondoni ilikuwa shamba hasa: minazi, mikorosho, nyumba moja moja za makuti, na kisima kimoja cha mbali kilichochimbwa, nadhani, na mtu aliyetuchukia. Tulikaa na Bibi Zuhura, mama yake mama. Baba alikuwa karani wa serikali, na mwaka ule alihamishiwa Lushoto, milimani, ambako kwa maelezo yake watu walijifunika mablanketi mawili na asubuhi wakatoa moshi kinywani bila kuvuta sigara. Alitaka kutuchukua, mama na mie. Mama alikuwa na mimba changa.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Huko kuna minazi?"

"Haioti, Mama. Baridi," baba akajibu.

"Basi mjukuu wangu kitovu chake mtakizika wapi? Chini ya kabichi?"

Nyie mliozaliwa hospitali niwaeleze. Kwetu kitovu cha mtoto kikikatika kilizikwa, juu yake ukapandwa mnazi, na mnazi ule ukawa wake maisha. Wangu ulikuwa nyuma ya choo. Ulikuwa na miaka tisa kama mie, umepinda, haujatoa hata kidaka kimoja cha nazi. Bibi alisema umenifuata tabia.

Baba alikuwa mbishi wa kimyakimya, na hao ndio wabishi wabaya. Aliondoka bila neno. Baada ya wiki tatu kikaja kifurushi na barua, nami nikaisoma kwa sauti kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikienda shule. Baba aliandika kwamba kwenye bustani ya Mzungu mmoja kule juu ameona mti wa ukoo wa mnazi, shina lake lina manyoya kama beberu, majani kama kipepeo cha kupepea moto, na baridi haiufanyi lolote. Mtunza bustani alikuwa amempa mbegu na siri yake: ukizipanda kwenye baridi zitakuringia mwaka mzima, kwa hiyo ziotesheni pwani kwenye joto, kisha miche ipande mlima. Yeye angekuja likizo baada ya miezi minne kuichukua, pamoja na sie. Mwisho akaongeza: "Siwema ndiye bwana shamba."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwandikie. Ukiota hata mmoja, amchukue mkewe. Sina neno."

Mie tangu utotoni si mtu wa safari. Kwenda sokoni tu hunichosha kabla sijavaa viatu. Lakini nilipenda kusifiwa kuliko nilivyopenda kukaa nyumbani, na cheo kile cha bwana shamba kilinilevya. Nikatoboa makopo kwa msumari, nikajaza mchanga na samadi ya mbuzi, nikazika zile mbegu, nyeusi, ndogo, zimekunjika kama figo. Nikakaa mbele yake kwenye kigoda, nikangoja.

Mwezi wa kwanza nilivumilia. Wa pili nikaanza kuzisema. Kila jioni kisimani, kila jioni ndoo kichwani, maji yananichuruzikia shingoni, kwa ajili ya makopo yanayonitazama tu. Baba aliandika kila wiki mbili, na alisalimu mbegu kabla ya watu: "Zimeota? Mama yako hajambo?" Majirani wakipita walichungulia uani. "Hee, Siwema! Watoto wako bado wamelala?"

"Subira yavuta heri," mama akaniambia.

"Mbona haivuti mche?" nikajibu, nikapata kofi la mgongo lililonistahili.

Hapo ndipo akili yangu kubwa ilipofanya kazi. Nilikuwa nimemwona Bibi akipanda minazi mara nyingi, na kila shimo alilitia chumvi konzi mbili kabla ya kushusha mche. Mpaka leo watu wa pwani wengi hufanya hivyo. Nikamwendea. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Bibi, na hii minazi ya baba inataka chumvi?"

Aliacha kukuna. Akayatazama makopo yangu kule uani, nazi iliyokunwa imemganda mkononi. Kisha akainama tena.

"Mnazi ni mnazi," akasema.

Basi kila Ijumaa nikatia chumvi, kiganja kwa kila kopo, kwa moyo mkunjufu. Sikuficha. Siku moja chumvi ya jikoni ilikwisha na Bibi mwenyewe akanituma dukani, akaniambia ninunue ya kutosha.

Baba alifika na begi lake na koti la sufu lililomtoa jasho njia nzima. Hata chai hakunywa. Alikwenda moja kwa moja uani, akachuchumaa, akakwangua ukoko mweupe uliokuwa umejikusanya mdomoni mwa kopo. Akaulamba. Akakwangua kopo la pili, akalamba tena.

"Nani katia chumvi hapa?"

Fimbo za baba zilikuwa chache lakini zilikuwa na kumbukumbu.

"Mie," Bibi akasema kutoka mlangoni, kabla sijafungua mdomo.

Mkwe hagombezwi. Baba alibaki amechuchumaa, kidole kimelowa, akamtazama mama na tumbo lake. Mama akatazama kuku.

"Ungeniambia tu, Mama," akamwambia Bibi.

"Ningekwambia nini, baba?"

Alirudi Lushoto peke yake. Mdogo wangu alizaliwa Kinondoni, kitovu chake kikazikwa kando ya dirisha la Bibi, ukapandwa mnazi mnene wa afya. Baba aliletwa tena Dar miaka mitatu baadaye. Siku alipoingia uani mdogo wangu alikimbilia nyuma ya kanga ya Bibi, akalia, akaomba mgeni aondoke.

Kwa miaka mingi nilimshukuru Bibi kwa uongo ule ulioninusuru na fimbo. Nilishakuwa na binti wa kuolewa ndipo siku moja, nachambua mchele, nikashtuka: haukuwa uongo. Mwanamke aliyeotesha miche tangu usichana wake hakosi kujua kwamba chumvi inayovumiliwa na shimo la mnazi huiua mbegu ndani ya kopo. Mkono ulikuwa wangu, lakini mtia chumvi alikuwa yeye. Nilimkasirikia mno, naye alishakuwa kaburini, na hakuna hasira inayochosha kama ile isiyo na mtu wa kuipokea.

Lakini haikudumu. Binti yangu ameolewa Iringa, na juzi ameandika kwamba anataka kujifungulia hukohuko, karibu na mumewe. Nimemjibu kurasa tatu. Nimemwambia upepo wa Iringa haumfai mjamzito, na kwamba wakunga wa kule wana mikono ya baridi.

Iringa kwenyewe sijawahi kufika.