Darasa Lililojaa Kuliko Yote

Ninafundisha fizikia hapa Bukavu, somo ambalo wanafunzi wengi hulikimbia. Mwezi huu wakaanza kujaza darasa langu kabla sijafika, hata wale wasiosoma sayansi. Nikavimba kichwa. Nikamwalika prefe, mkuu wetu wa shule, aje aone ufundi wangu.

Alikaa nyuma. Nikiwa katikati ya somo la umeme, taa ikazimika. Wanafunzi wote wakasimama, wakachomoa chaja za simu zao kwenye priz za ukutani, wakaelekea mlangoni.

“Munaenda wapi?” nikauliza.

“Prof, courant imeenda,” binti mmoja akanijibu kwa upole. “Mu shule yote, ni priz za hapa tu zinatumika. Ikirudia, tutarudia.”

Tukabaki wawili.

“Endelea, prof,” prefe akasema. “Miye nakusikia.”