Kandambili Juu ya Nyasi

Wifi yangu anafagia bustani ya jiji, huu mwaka wa kumi na tisa, na mtu akiniuliza ndugu zangu wanafanya kazi gani, yeye ndiye ninayeanza naye. Wengine wana mawifi wa benki. Wangu ana fagio lenye mpini mrefu kumpita, kofia ya ukindu iliyochanika ubavuni, na maringo ya mtu anayejua kila jani limeanguka kutoka mti gani. Wenzake wanamwita Bosi. Bosi mwenyewe wa ofisini, bomba likipasuka, anatoka na karatasi zake kumuuliza Bosi wa fagio limepita wapi.

Jiji letu ni la joto la kulainisha lami. Siku za mapumziko nyumba hazikaliki, basi watu wanahamia bustanini na mikeka, chupa za chai, watoto na bibi zao. Ukiwauliza watakwambia wamekuja kuona bata, kupanda bembea, kupiga picha penye chemchemi. Wifi anasema huo ni uongo mtupu, watu wamefuata kivuli.

Na kivuli kina tabia zake. Katikati ya bustani kuna tangi la maji la zege, kubwa kama nyumba. Asubuhi kivuli chake kinaangukia upande wa lango, ikifika alasiri kiko upande wa pili, kwenye bwawa la bata. Familia nazo zinalizunguka na mikeka yao. Sasa mtoto aliyeondoka saa tano kwenda kwenye bembea, akirudi saa nane anakuta jua kali na hakuna mtu wake hata mmoja. Anaanza kulia, na anayemwokota ni Wifi.

"Mtoto mdogo hatafuti mama," aliniambia zamani. "Anatafuta pale alipomwacha mama."

Aliokota watoto mpaka akachoka, ndipo akatutungia sheria sisi wa nyumbani. Ukihamisha mkeka, acha kandambili kuukuu pale ulipotoka, mbele yake ikitazama unakokwenda. Kuukuu, maana nzuri haitakusubiri. Tulimcheka mpaka mbavu zikatuuma. Kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, alitangaza kwamba ameoa askari wa barabarani. Watoto ndio waliopenda. Nyumbani kwangu yule wa mwisho, mwenye miaka mitano, tunayemwita Babu kwa kuwa amerithi jina la babu yake, alikuwa akienda chooni anaacha kiatu mlangoni pa chumba, kinatazama chooni.

Mwaka jana, siku moja ya mapumziko, tulitandika mkeka upande wa lango kama kawaida. Wifi alikuwa zamu, maana siku ya watu kupumzika ndiyo siku yake ya kuchapa kazi. Alipita na toroli lake, akanikabidhi kandambili moja ya kijani iliyokatika kamba, akaenda zake. Babu akaondoka na binamu zake wakubwa kwenda kwenye bembea.

Kivuli kilipoanza kutukimbia tukakunja mkeka. Nikaiweka ile kandambili kwenye nyasi, ikitazama bwawani. Dada mmoja mwenye miwani myeusi, amevaa akavalika, akaniita kwa upole, "Dada, umesahau kiatu."

Nilipaswa kumweleza. Lakini mimi ni fundi wa nguo, naishi kwa kuonekana nadhifu, na kile kiatu kilikuwa kinatisha. Nikasema, "Asante, dadangu," nikakitumbukiza kwenye mfuko.

Saa nane na nusu binamu wakaja kwenye mkeka wakihema. Wawili tu.

"Babu yuko wapi?"

"Si alirudi kwako, shangazi? Alisema ana kiu, anarudi kwa mama. Zamani sana."

Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye bwawa. Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nimeingia majini mpaka magotini na gauni langu, bata wanapiga kelele, na mimi naita jina la baba yangu kama mtu aliyepagawa. Maji yale ni ya tope, huoni hata mguu wako mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Wifi alifika bila kukimbia. Akanishika mkono, akanitoa.

"Wifi, nitazame. Alikuwa kwenye bembea. Bembea ziko upande wa lango, kwa hiyo amerudi kule kule mlikokuwa. Kandambili iko wapi?"

Nikaanza kukamua gauni langu.

"Wifi, iko wapi?"

"Kwenye mfuko."

Hakunigombeza. Mpaka leo naona afadhali angenigombeza. Alivua kofia, akanivika, akageuka na kulizunguka tangi, na mimi nyuma yake nikichuruzika maji. Upande wa lango palikuwa jua tupu, nyasi zimelala, wala hapakuwa na mtu.

Wifi akainama. "Hebu ona."

Juu ya nyasi, pale pale mkeka ulipokuwa, palikuwa na kandambili moja ya bluu, ndogo kama kiganja changu. Haikuanguka tu. Ilikuwa imewekwa, imenyooshwa vizuri, mbele yake ikitazama kule kwenye stoo ya mafagio, Wifi anakoweka toroli lake.

Wifi ninayemjua mimi hana machozi ya karibu. Siku ile kidevu chake kilitikisika. Kisha akaifuata ile kandambili ilikotazama, na safari hii alikimbia.

Babu alikuwa nyuma ya stoo, kwenye kivuli, amekaa ndani ya toroli juu ya majani makavu. Karibu naye bomba lilikuwa linadondosha maji, kifua chake kimelowa. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Ule mwingine ameukunja, unyayo mwekundu, maana alivuka njia ya saruji kwa kurukaruka na mguu mmoja, na ulipochoka akakanyaga.

"Mmechelewa," akasema.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namlowesha. Halafu akanitazama, amenuna kweli. "Mama, kiatu chako hakikuwepo. Nikaweka changu."

"Na mbona ulikuja huku?" Wifi akamuuliza.

"Toroli ni la anti. Anti lazima alirudie toroli lake."

Wifi akacheka, akaufuta ule unyayo kwa maji ya bomba, polepole, kidole kimoja kimoja. "Huyu nampeleka ofisini," akasema. "Aje kuwa bosi wao." Nikamwambia, "Wifi, nisamehe." Akasema nimrudishie kofia yake kwanza.

Tulipopita tena karibu na tangi, yule dada wa miwani alikuwa amesimama, miwani ameivua. Alikuwa ameona yote. Aliuliza maswali mengi, na safari ile nilimjibu yote, kwa sauti, na waliokuwa jirani wakasogea kusikiliza.

Njoo bustanini kwetu sasa, siku ya mapumziko, mchana kivuli kikishahama. Utaona kandambili kuukuu juu ya nyasi, moja moja, za kila rangi, na zote zinatazama bwawani. Wifi anafagia kuzizunguka kwa uangalifu, hasogezi hata moja. Wiki iliyopita, wakati nakunja mkeka, bwana mmoja mgeni alinigusa bega. "Dada, umesahau kiatu."

"Sijasahau," nikamwambia, nikamwonyesha mwanamke mwenye kofia iliyochanika. "Unamwona yule mwenye fagio? Ni wifi yangu. Kaa hapa nikusimulie."