Askari Weupe wa Damu

Aibu nyingine huzeeka, jamani, lakini hii yangu bado ina nguvu kuliko mimi, na mtu akitaja chanjo tu shingo inapata moto. Nilikuwa bwana afya kijijini, nyuma ya Katoro, miaka ile ya sabini watu walipokuwa bado wanazoea kuishi pamoja kwenye vijiji vya ujamaa, mimi mtoto wa Tanga, Kisukuma changu kikiishia kwenye mwangaluka, salamu ya asubuhi, jioni napika ugali wa mtu mmoja na kuula nikitazama ukuta. Sisemi walinichukia, walinisalimia vizuri tu, ila hakuna aliyewahi kukalia kiti changu cha pili (nilikinunua kwa ajili ya wageni, nikaishia kuanikia soksi).

Basi mwenyekiti akanipa nafasi ya kusema kwenye mkutano pale ghala la pamba, kesho yake ikiwa siku ya kuchanja watoto surua. Nikajiambia, leo wakinielewa watakuja kwenye chanjo, na pengine hata nyumbani kwangu watakuja. Nikaeleza magonjwa yanayoambukiza, surua na kifua kikuu, na yasiyoambukiza kama kifafa, Mzee Lubinza akitafsiri, watu wanaitikia, naona mambo yamenyooka. Nikafika kwenye chembechembe nyeupe za damu. Hilo neno la vitabuni, nikawaza, hebu nilirahisishe.

"Ndani ya damu mna askari weupe," nikasema. "Wadudu wa ugonjwa wakiingia, wanapigana nao. Chanjo ni mafunzo ya hao askari."

Mzee Lubinza akafikiri kidogo, kisha nikamsikia akisema bazungu, halafu mininga, yaani damu. Watu wakavuta watoto wao karibu. Askari wa Kizungu na damu za watoto! Hata mimi, niliyelelewa pwani kwa kutishiwa mumiani mnyonya damu, ningetoka mbio. Mama mmoja akabeba mwanawe, wa pili akafuata, na mimi (akili sijui niliziacha wapi) nikachomoa bomba la sindano kuwaonyesha halina kitu, nikawakimbilia nalo nikipiga kelele, "Ngojeni, sinyonyi damu, natia dawa!" Nikajikwaa kwenye robota la pamba, nikaanguka kifudifudi miguuni pa mwenyekiti.

Kesho yake nilikaa kwenye meza ya chanjo peke yangu mpaka jua likazama. Baada ya hapo hata salamu zikakatika, watoto wakiniona wanaingia ndani, na upweke ule niliouona mkubwa mwanzoni nikautamani. Halafu malaria ikaniangusha. Nilitetemeka kitandani na mtungi wa maji umekauka, sina wa kumwita.

Hodi ilipopigwa nilidhani ni homa inasema. Alikuwa Mama Kabula, jirani yangu, kasimama nje na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana afya, askari wako wako wapi?"

"Wamechoka, mama."

"Wale Bazungu?"

"Wamatumbi watupu, mama, weusi kama mimi," nikasema, na machozi yakanitoka.

Akacheka mpaka maziwa yakamwagika, akaingia, akaondoa soksi kitini, akakaa. Chanjo iliporudi, mwanawe Kabula ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono, na wenzake wakamfuata.

Tangu siku ile sisemi neno mbele za watu kabla sijamuuliza mkalimani atalisemaje. Na soksi zangu naanika nje.