Mkate wa Kijitini

Jirani yangu huku Aarhus, Denmark, huwasha moto uani kila Jumapili mchana, iwe theluji imefika magotini au maua ya mtofaa yanadondokea majivu. Hatumii mafuta ya taa. Huchambua magome makavu kwa vidole vyake vinene, akapuliza taratibu mpaka moto ukubali. Kisha huzungusha kinyunga cha mkate kwenye kijiti na kukigeuza juu ya makaa. "Msiuvute," hutuonya majirani tuliomzunguka. "Ukiiva utachomoka wenyewe."

Mwezi wa pili mkewe, Ingelise, alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umepooza, akawa hataki kabisa kula mbele ya watu. Jumapili ile jirani alimfunika blanketi, akampa kijiti mkono wa kushoto, kisha yeye mwenyewe akatia mikono mfukoni. Kijiti kilitetemeka, mkate ukagusa makaa, ukashika moto. Niliinuka nimsaidie.

"Kaa chini wewe!" jirani akanikemea. "Mwache mpishi afanye kazi."

"Mkate umeungua, mzee," Ingelise akanung'unika.

"Upande mmoja tu, mama. Geuza."

Akageuza, polepole, mpaka mkate ukachomoka. Akaung'ata palepale, masizi yakamjaa midomoni, akatukazia macho sote.

"Mnanitazama nini? Leteni jamu."